Mafua gani? Barua ya wazi kwa wanaosimamia chanjo

Waheshimiwa mnaosimamia chanjo, kuanzia wizarani mpaka dirisha la kituo cha afya,

Salaam. Nawaandikia nikiwa na fomu ya ridhaa juu ya meza. Ni karatasi moja, imetolewa nakala ya nakala mpaka herufi za pembeni zimeliwa: jina, umri, sentensi mbili za maelezo, mstari wa saini. Ni fomu ya mama yangu. Ana miaka 71 na kisukari cha siku nyingi, na amenipa nimsomee kisha nimshauri kama aweke saini au asiweke. Nimemsomea. Inasema chanjo ya mafua ni salama na inakinga. Inakinga nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani, haisemi. Mama akanyamaza kidogo kama anayengoja niendelee, halafu akasema, "Si ndivyo walivyosema na mara ya kwanza?"

Hiyo mara ya kwanza ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Miaka sita iliyopita alikwenda kuchanjwa kwa miguu yake, bila kubembelezwa na mtu. Kwenye ukuta wa kliniki ya kisukari palikuwa na bango lililomwahidi kwamba akichanjwa atayasahau mafua. Wiki ya tatu akaamka pua inachuruzika, chafya juu ya chafya, koo linawasha. Homa hakupata. Siku ya tano alikuwa amepona na ameshasahau leso yake kwenye kiti. Lakini bango hakulisahau. Tarehe ya kliniki ilipofika alimwuliza nesi, "Mwanangu, si mlinichanja nyinyi?" Nesi akajibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Hayo ni mafua ya kawaida tu, mama." Mama akamwuliza, "Kwani mlinichanja mafua gani?"

Hakujibiwa. Foleni ilikuwa ndefu, nami simlaumu yule nesi. Nawalaumu nyinyi mliolibandika bango.

Maana swali lile ndilo swali lenyewe. Kwa Kiswahili tunachokizungumza kila siku, chochote kinachotoa kamasi ni mafua. Virusi zaidi ya 200 vinaweza kumletea mtu chafya na pua kuziba, na vyote tumevipa jina moja. Influenza ni ugonjwa mwingine. Huo humvamia mtu ghafla, karibu akutajie na saa ulipoanza: homa kali, kichwa, viungo na misuli kuuma kama aliyepigwa, kikohozi kikavu, mwili kuisha nguvu. Sindano yenu inahusu huo tu. Vile virusi vingine 200 na zaidi haviijui wala haiviyumbishi. Sasa mtu aliyeambiwa "chanjo ya mafua" akipata kamasi mwezi huohuo, ana sababu gani ya kutosema amedanganywa? Najua vitabuni mnaandika "homa ya mafua". Haisaidii, msikiaji anasikia mafua yenye homa, basi. Andikeni influenza, kwa herufi kubwa. Watu waliojifunza kutamka korona ndani ya wiki moja hawatashindwa na neno hilo.

Baada ya hapo mama hakuchanjwa tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hata nyoka hakumuuma, liliuma bango. Kila mwaka alipopewa fomu aliikunja mara nne akaiweka kwenye mkoba, na huko ikabaki.

Mwaka jana ikaja influenza yenyewe. Jumamosi mchana alikuwa anakunja nguo. Jioni hakuweza kusimama kwenda msalani. Siku ya nne tulikuwa wadini, kipimo kimethibitisha influenza aina ya A na picha ya kifua imeonyesha nimonia, sukari imepanda haishikiki. Alilala pale siku 9. Ninachokikumbuka zaidi ni kile kibanio cha kupima oksijeni kwenye kidole chake. Namba ilikuwa 86, ya chini ya kutisha. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayetazama mlango, ikienda 87, ikirudi 86, na kila nilipomrekebisha mkono ikapotea kabisa nami nikapoteza pumzi.

Sitasema chanjo ingemwepusha na siku zile tisa. Huenda ingemwepusha, huenda isingemwepusha. Na hapo ndipo penye jambo ambalo mabango yenu yanalikimbia.

Aliyenieleza ni nesi wa zamu ya usiku, mtu mzima, karibu na kustaafu. Saa nane za usiku nilimwuliza kama chanjo ina maana yoyote. Alichukua karatasi ya vipimo iliyokwisha kazi, akaigeuza, akachora viduara kumi. "Hawa ni watu kumi ambao wangeugua influenza mwaka huu kama hawakuchanjwa," akasema. "Wachanje wote." Akakata viduara vinne kwa kalamu. Akafikiri, akakata cha tano. Akaweka kalamu juu ya cha sita bila kukikata. "Mwaka mzuri ni hapa. Mwaka mbaya usiniulize." Nilimwuliza kwa nini hawasemi hivyo kule chini kliniki. Akacheka: "Nani atakuja?"

Waheshimiwa, mimi ningekuja. Mama angekuja. Nilipomwonyesha ile karatasi baada ya kutoka wadini aliitazama sana, akasema, "Kwa hiyo ni nusu." Nikamwambia ndiyo, karibu nusu. "Basi wangesema nusu. Nusu shari si heri kuliko shari kamili? Mimi nilinunua nzima."

Yule nesi hakukosea. Virusi vilivyomo kwenye chanjo vikishabihiana vizuri na vinavyozunguka, chanjo hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Kuna miaka mambo huharibika: Marekani, msimu wa 2014–2015, ilikuwa asilimia 19 tu. Sababu si siri wala njama. Virusi vya influenza hujibadilisha kidogo kidogo bila kupumzika, na chanjo haitengenezwi kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara tangu 1952 unaokusanya virusi kutoka kila pembe. Mara mbili kwa mwaka wataalamu hukaa chini na kuchagua vitakavyoingia kwenye chanjo: Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini. Kisha viwanda huanza kazi, na sehemu kubwa ya chanjo bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku kama ilivyokuwa tangu miaka ya 1940. Hiyo ni kama miezi sita. Katika miezi hiyo kirusi hakikai kikingoja. Mwaka ule wa 2014 aina moja ya influenza A, iitwayo H3N2, iligeuka wakati chaguo limeshafanywa.

Kwa hiyo chanjo hii ni ubashiri, wa watu wanaojua wanachobashiri. Kuna ubaya gani kusema? Mkulima hupanda kwa ubashiri na hakuna anayemwita mwongo mvua ikichelewa, kwa kuwa hakuwahi kuahidi mvua.

Na kuna habari nyingine mngetusimulia zingetufanya tuwaamini zaidi. Aina moja ya influenza B, inayoitwa Yamagata, haijathibitishwa kuonekana ikizunguka popote tangu Machi 2020, zile siku watu walipojifungia ndani. Chanjo zilizokuwa na aina nne za virusi zimeanza kurudi kwenye tatu kwa sababu hiyo. Mimi nilipolisoma hilo nilikaa kimya dakika nzima. Aina nzima ya ugonjwa imepotea machoni petu na hamkulibandika ukutani. Mkabandika tena mtoto anayetabasamu.

Yapo pia yanayoipa ile nusu uzito. Nusu ya kutougua si kitu kimoja kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba influenza ya msimu huwapata watu kama bilioni moja kwa mwaka, milioni 3 hadi 5 wakaugua vikali, na kati ya 290,000 na 650,000 wakafa kwa matatizo ya upumuaji. Wengi wa wanaolemewa ni wazee, wajawazito, watoto wadogo, na watu wenye kisukari, pumu, maradhi ya moyo. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Ontario, Kanada, ulionyesha kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya kuthibitika una influenza, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara sita hivi. Nani amewahi kuambiwa hilo kliniki ya presha? Kwetu mtu akianguka moyo wiki ya mafua husemwa siku zake zimefika, na hakuna anayeunganisha nyuzi hizo mbili.

Sasa hofu. Nazo mnazikwepa, na mkikaa kimya hadithi husimuliwa na mwingine asiye na kipimo. Nimezikuta kwenye simu ya binamu yangu zikiwa zimevimba. Ya 1976 ni ya kweli: Marekani, kwa kuhofia mlipuko wa mafua ya nguruwe, ilichanja watu zaidi ya milioni 40 ndani ya miezi michache, na ikaonekana ongezeko la ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu na mtu akapooza. Lilikuwa kama mtu mmoja wa ziada kwa kila waliochanjwa 100,000. Desemba mwaka huohuo mpango ukasimamishwa, na mlipuko wenyewe haukuja. Ya 2009 nayo ni ya kweli: chanjo moja ya mlipuko wa mwaka ule, Pandemrix, ilihusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla kwa watoto na vijana, na nchi za Ufini na Uswidi ndizo zilizouona mwanzo. Semeni yote mawili. Kisha semeni na kinachofuata: kwa chanjo za msimu za siku hizi, hatari ya Guillain-Barré, pale inapoonekana, ni kama mtu mmoja au wawili kwa milioni, na influenza yenyewe huweza kuleta ugonjwa huohuo, tena zaidi. Mtu akipewa mizani yenye sahani zote mbili atapima. Mkimpa sahani moja, ataitafuta ya pili kwa binamu yangu.

Kile kilio cha "nilichanjwa nikaugua palepale" nacho kina majibu yake, mafupi kabisa. Virusi vya kwenye sindano vimeuawa. Haviwezi kumpa mtu influenza. Mkono utauma, mwili unaweza kupata joto na uchovu siku moja mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na katika wiki hizo anayeambukizwa huugua kama kawaida. (Ile inayopulizwa puani ni tofauti, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ndiyo maana wajawazito na wenye kinga dhaifu hawapewi.) Maneno hayo hayafiki dakika moja. Yangesemwa kabla ya sindano, watu wasingerudi nyumbani na homa ya usiku mmoja wakaihesabu kuwa ushahidi.

Jambo la majira linaniudhi kuliko yote, labda kwa sababu halihitaji fedha, linahitaji kalenda. Kwenye nchi za baridi influenza ina msimu wake unaojulikana. Karibu na ikweta inaweza kuzunguka mwaka mzima na kupanda mara moja au mbili, mara nyingi pamoja na mvua. Kinga ya sindano hupungua kadiri miezi inavyopita. Basi mkituletea chanjo mwezi wowote ilipofika bandarini, bila kutuambia ni ya chaguo la Februari au la Septemba, mnatufungulia mwavuli mvua ikishakatika. Niliwahi kuuliza dirishani ni chanjo ya chaguo lipi. Mhudumu aliniangalia kama niliyeuliza jina la ukoo wa kuku aliyetaga yai lake.

Na niseme kuhusu watumishi wenu. Mmoja wa waliomtoa mama damu kule wadini alikuwa anakohoa nyuma ya barakoa iliyoteremka chini ya pua. Nilimwuliza kwa upole kama amechanjwa. Akasema, "Mimi? Hizo ni za wagonjwa." Sipendi kulazimishana, na sitawaomba mumlazimishe mtu yeyote mitaani. Ila anayeinama juu ya mgonjwa wa oksijeni, au juu ya mtoto wa siku tatu ambaye hawezi kuchanjwa mpaka afikishe miezi sita na kinga yake yote ni ile aliyoachiwa na mama yake tumboni, huyo ana deni. Mwanzieni yeye. Mpeni maelezo kwanza kama mnavyopaswa kutupa sisi, na mpeni ruhusa ya kubaki nyumbani anapokohoa, maana naamini hakuja kazini kwa kupenda.

Mtaniuliza, na wewe? Nina miaka 43, sina maradhi ninayoyajua. Mkinipa hesabu ya kweli, faida yangu binafsi ni ndogo kuliko ya mama: ningeugua wiki moja, ningelalamika sana, ningepona. Kwa miaka mingi nilijibu hivyo na nikaona nimemaliza. Lakini mimi ndiye ninayelala chumba cha pili na kumpima sukari kila asubuhi, uso kwa uso. Japani iliwahi kuchanja watoto wa shule kwa wingi kuanzia 1962, ikaacha 1994. Watafiti waliochunguza takwimu za vifo waliona vifo vya majira ya baridi, hasa vya wazee, vilishuka katika miaka ile na kupanda tena chanjo ilipoachwa. Walichanjwa wajukuu, wakapona mababu. Wapo wanaobishana na hesabu zile, na wabishane. Mimi imenitosha kunisogeza kwenye foleni. Jirani yangu asiyeishi na mzee wala mtoto mchanga anaweza kuamua vingine nami sitamwona mjinga. Uamuzi wake ni wake ikiwa ameambiwa yote.

Ninachoomba basi ni kidogo. Liondoeni lile bango. Wekeni jingine lenye viduara kumi, vitano vimekatwa, na chini yake muandike ni chaguo la mwezi gani. Kwenye fomu, neno "inakinga" lifuatwe na "dhidi ya influenza tu" na namba. Mahali pa madhara andikeni madhara. Na mhudumu apewe dakika tatu kwa kila mtu, hata kama foleni itafika getini, kwa kuwa mama yangu peke yake huenda amewagharimu kitanda siku 9 kwa dakika tatu mlizookoa.

Nilianza barua hii juzi. Jana usiku mama aliniita, akataka fomu na kalamu. Ameweka saini. Kabla ya kuweka saini alinifanya nikate neno "mafua" na kuandika juu yake "influenza", na mwisho wa sentensi ya pili, baada ya "inakinga", akaandika mwenyewe kwa mkono wake unaotetemeka: nusu. Tunakuja Jumatano asubuhi, yeye na mimi. Kama dirishani fomu itakataliwa kwa kuwa imechorwachorwa, nitakuwa na nakala ya barua hii mfukoni, na mama amesema ana siku nzima.

Wenu,
Mtoto wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani